Je, 2,147,483,647 ni namba tasa kweli, na aliyethibitisha alijuaje bila kompyuta?

Swali limetoka kwa dada mmoja, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa huko Mbozi, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Kwenye programu yetu ya mahesabu ya wakulima, jumla ya malipo ya misimu yote iliganda kwenye 2,147,483,647, kila tukiingiza malipo mapya haisogei. Kijana aliyekuja kuirekebisha akasema hio namba ni namba tasa, na kuna mzee alithibitisha hilo miaka 250 iliyopita bila kompyuta wala kikokotoo. Mimi nilisoma hesabu mpaka form four na nilikuwa naipenda sana, ila hapo nimeshindwa kuelewa. Ni kweli? Alijuaje wakati namba za kujaribu ni nyingi mno? Na kompyuta inagomea hapo kwa sababu ni tasa? Kama kuna namba ndogo ya aina hiyo ambayo naweza kujaribu mwenyewe naomba unipe."

Marahaba dada, na poleni na msimu. Kijana kakwambia kweli. Hio namba ni tasa na mzee mwenyewe ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel huko Uswisi, aliyekuwa anafanya kazi St Petersburg kule Urusi, na alilieleza hilo kwenye barua ya mwaka 1772 hivi aliyomwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli. Wakati huo alikuwa karibu haoni kabisa, hesabu anazifanya kichwani na wasaidizi wanaandika. Mi kila nikilifikiria hilo naacha ninachofanya kwanza.

Ila kompyuta haigomei hapo kwa sababu ya utasa. Ngoja nianze na hili maana ndo linalowagusa wakulima wenu, afu tuje kwenye utamu wenyewe.

Kompyuta inatunza namba kama taa zilizopangwa mstari, kila taa ama imewaka ama imezima. Aliyeandika programu yenu alitenga taa 32 kwa ajili ya ile jumla. Moja inatumika kuonyesha chanya au hasi, zinabaki 31. Ya kwanza thamani yake ni 1, inayofuata 2, halafu 4, 8, 16, hivo hivo inajirudufu mpaka ya 31 ambayo ni 1,073,741,824. Zote zikiwaka ukijumlisha unapata 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 ukatoa moja (nitaiandika 2^31 - 1). Hapo taa zimeisha. Programu zingine zikifika hapo zinaruka kwenda hasi, -2,147,483,648, yenu ikaganda, na kuganda naona ni hatari zaidi kwa sababu hasi mtu anaiona siku hio hio lakini namba iliyoganda mnaweza mkaipita wiki nzima mkidhani mambo yako sawa. Mwambie kijana aipe hio jumla biti 64 (biti ndo zile taa), hapo ukomo unakuwa 9,223,372,036,854,775,807 na kahawa ya Mbozi yote haitaufikia. Afu jumla msiiamini ilivyo, ipigeni upya kutoka kwenye malipo ya mkulima mmoja mmoja.

Na kwamba utasa hauhusiki, angalia ukomo wa saizi zingine. Biti 8 ukomo ni 127, hio ni tasa. Biti 16 ukomo ni 32,767, hio si tasa, ni 7 × 31 × 151. Biti 32 ndo hio yako, tasa. Biti 64 hio ndefu niliyoandika juu, si tasa, inagawanyika kwa 7. Kwa hio kompyuta haijali, imetokea tu kwamba 7 na 31 ni vipeo vinavyotoa tasa na 15 na 63 sio.

Haya, tuje kwenye hesabu.

Namba tasa unaikumbuka, ni ile ambayo vigawo vyake ni viwili tu, moja na yenyewe. Nenda pale sokoni Mwanjelwa uone kina mama wanavyopanga maparachichi mafungu. Mwenye maparachichi 12 anaweza kupanga mafungu ya 3, ya 4, ya 6, yote yakatoka sawa bila kubaki. Mwenye 13 hata afanye nini, mafungu yenye ukubwa sawa hayatoki, labda amwage yote fungu moja au auze moja moja. 13 ni tasa.

Sasa chukua mwenye 2,047, umwambie apange mafungu sawa. Atajaribu ya 3, inabaki. Ya 5, inabaki. 7, inabaki, 11 inabaki, 13, 17, 19, zote zinabaki. Wengi hapa wanachoka na kusema hii ni tasa. Lakini akijaribu ya 23 inatoka sawasawa, mafungu 89. Hio 2,047 ni 2^11 - 1, ndugu wa damu wa namba yako, na ndo nitakayoitumia kukuonyesha Euler alichoona.

Kwanza lile swali lako la namba nyingi za kujaribu. Si nyingi kama unavyodhani. Vigawo huwa vinakuja viwili viwili, kama 23 na 89 hapo juu, na mmoja lazima uwe mdogo. 46,341 × 46,341 ni 2,147,488,281 ambayo imeshaizidi namba yetu. Kwa hio kama namba yetu ingekuwa na vigawo, kimojawapo kingekuwa chini ya hapo, huna haja ya kuvuka 46,340. Na si lazima ujaribu zote, jaribu zile tasa tu, kwa sababu kama 6 inaigawa basi 2 na 3 zimeshaigawa kabla. Namba tasa kuanzia 2 mpaka 46,340 ziko 4,792. Hizo bado ni nyingi, karibu mara elfu nne na mia nane za kugawa namba yenye tarakimu kumi kwa mkono, mtu mzima anamaliza lakini kwa miezi, na akikosea sehemu moja hajui ni wapi.

Euler hakugawa 4,792. Aligawa kama 80 hivi.

Alizitupa zingine zote kabla hajashika kalamu, na namna alivyozitupa ndo kitu ambacho mi nataka ukielewe, kwa sababu ukikielewa hiki utakuwa umeelewa kwa nini watu tunapenda hizi namba.

Chukua 23. Anza na 1, uwe unazidisha kwa 2, na kila ikizidi 23 unatoa 23 unaendelea na kilichobaki. Fanya na kalamu tafadhali, usinisome tu. 1, 2, 4, 8, 16, inayofuata ni 32 toa 23 inabaki 9, halafu 18, halafu 36 toa 23 ni 13, halafu 26 inakuwa 3, 6, 12, na 24 inakuwa 1. Umerudi ulikoanzia. Hesabu hatua ulizopiga, ni 11.

Hizo 11 hazikutokea bahati nasibu, zimetoka kwenye 2^11 - 1. Kusema 23 inagawa 2^11 - 1 bila baki ni sawasawa na kusema ukirudufu mara 11 baki linarudi kuwa 1. Ni sentensi ile ile imevaa nguo nyingine.

Sasa mabaki yanayowezekana ukigawa kwa 23, ukiacha sifuri, yako 22, kuanzia 1 mpaka 22. Safari yetu imekusanya 11 kati ya hayo: 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12. Iite timu ya kwanza. Chukua mmoja aliyebaki nje, mfano 5, umrudufu vile vile: 5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, na 28 inarudi kuwa 5. Nao 11. Timu ya pili ni ile ya kwanza tu imezidishwa kwa 5, ndo maana lazima zilingane. Wote 22 wamekwisha, timu mbili, hakuna aliye kwenye timu mbili kwa wakati mmoja na hakuna aliyebaki benchi. Kwa hio 22 lazima igawanyike kwa 11.

Rudia maneno hayo hayo kwa kigawo chochote tasa cha 2^31 - 1, tukiite k. Kama k inaigawa, ukirudufu mara 31 baki linarudi 1. Je inaweza kurudi mapema zaidi? Safari ikirudi mapema, urefu wake lazima uingie kwenye 31 bila kubaki, na 31 yenyewe ni tasa, kwa hio urefu ni 31 au 1, na 1 haiwezekani maana ingemaanisha 2 toa 1 inagawanyika kwa k, yaani 1 igawanyike kwa k. Basi kila timu ina watu 31 kamili, na watu wote ni k - 1. Kwa hio k - 1 inagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa k ni witiri, k - 1 ni shufwa, inagawanyika kwa 2 pia, basi inagawanyika kwa 62.

Ona hapo kilichotokea dada. Hatujagawa kitu chochote bado na tumeshajua kwamba kigawo chochote tasa cha 2,147,483,647 lazima kiwe kwenye orodha ya 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea, unaruka 62 kila mara. 3 haiwezi. 5 haiwezi. 7, 11, 13, zote nje, bila kugusa.

Euler akaweka na kichujio cha pili juu ya hicho. Kama kurudufu mara 31 kunarudisha 1, basi mara 32 kunatoa baki 2. Lakini 2^32 ni 2^16 mara yenyewe, yaani kwenye ulimwengu wa mabaki ya k, namba 2 imegeuka kuwa namba mraba. Na inajulikana kwamba hilo linatokea kwa k tasa ambazo ukizigawa kwa 8 zinabakiza 1 au 7 tu, zinazobakiza 3 au 5 hazimo. (Uthibitisho wa hili la pili ni mrefu kuliko ule wa timu, ukiutaka niulize siku nyingine, ila hata bila huo cha 62 peke yake kinakufikisha mbali.) Ukiunganisha vichujio vyote viwili, vigawo vinabaki kwenye maumbo mawili tu: 248n + 1 na 248n + 63.

Mpaka 46,340 namba za maumbo hayo ziko 373. Ukitupa zisizo tasa, kama 63 yenyewe ambayo ni 7 × 9, na 249 ambayo ni 3 × 83, na 497 ambayo ni 7 × 71, unabaki na hizo 80 hivi nilizosema. Ya kwanza ni 311, inayofuata 1,303, halafu 1,489. Hio ndo kazi yote. Kutoka 4,792 mpaka 80, na hakuna hata moja iliyopenya bila kuangaliwa, hizo zingine zimekufa kwa hoja.

Nilifanya hii na wanafunzi wangu wa klabu ya hesabu nilipokuwa nafundisha Tukuyu. Kule mvua ikianza mchana mpira hauchezeki, watoto wamejaa darasani, nikawaandikia ubaoni orodha ya hizo tasa na kila mmoja akapewa zake nne, kugawa kwa mkono na kisha kuhakiki kwa kuzidisha, vikokotoo vimekusanywa mezani kwangu. 311 ilikuja na 6,905,092 baki 35. 1,489 ikaja na 1,442,232 baki 199. Msichana mmoja aliyekuwa na 1,303 akaleta 164,817 baki 226. Akazidisha kuhakiki ikamjia 214,756,777, milioni mia mbili badala ya bilioni mbili, akakaa pale anaiangalia karatasi, hakuomba msaada. Mwisho akaiona mwenyewe. Kwenye kugawa kuna mahali anabakiwa na 93, anashusha 4, inakuwa 934, na 1,303 haiingii humo, kwa hio unatakiwa uandike sifuri juu ndo ushushe tarakimu inayofuata. Yeye alishusha 7 moja kwa moja bila kuweka sifuri. Jibu sahihi ni 1,648,107 baki 226. Baki lilikuwa sahihi tangu mwanzo, kilichopotea ni ile sifuri moja ya katikati.

Nakwambia hili kwa sababu wewe ni karani na unajua sifuri ya katikati inavyoweza kumla mtu. Lakini pia kwa sababu ndo namna pekee ya kuhisi Euler alifanya nini. Walimaliza kwa jioni tatu. Hakuna iliyotoka bila baki. Ilipoingia ya mwisho darasa zima lilijua, kwa hoja na kwa mikono yao, kwamba 2,147,483,647 ni tasa, na hakuna mtu aliyewaambia waamini.

Kuhusu historia yake kwa kifupi. Namba za umbo la 2^p - 1 zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo mpaka 257 akidai ndo vinavyotoa tasa. 31 aliipatia. Lakini aliweka vipeo 67 na 257 ambavyo havitoi tasa, na akaviacha 61, 89 na 107 ambavyo vinatoa. Vigawo vya ile ya 67 vilisubiri mpaka mwaka 1903, Mmarekani F. N. Cole alipoonyesha kwamba ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Kipeo chenyewe lazima kiwe tasa, hilo ni sharti, ila halitoshi, kama ulivyoona 11 ilivyotuangusha.

Namba yako ilikaa kwenye kiti cha tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana kuanzia 1772 kwa zaidi ya miaka 70. Na kuna kitu kinatoka humo humo: ukiizidisha kwa 2^30 unapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni namba kamilifu, yaani vigawo vyake vyote ukiacha yenyewe vikijumlishwa vinaleta namba ile ile, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hio itabaki kuwa namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa maelezo kwamba hazina kazi na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Alikosea, na mi naona alikosea kwa sababu aliangalia faida akasahau kwamba watu wanapenda kujua.

Siku hizi hatugawi tena. Kuna kipimo cha Lucas na Lehmer, wa kwanza ni Mfaransa wa miaka ya 1870 na wa pili Mmarekani aliyekiboresha miaka ya 1930. Unaanza na 4, unazidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unachukua baki ukigawa kwa namba unayoipima, unarudia. Idadi ya kurudia ni kipeo toa 2. Ikiishia sifuri ni tasa, isipoishia sifuri si tasa. Jaribu na 31 ambayo ni 2^5 - 1, hatua ni tatu: 4 inakuwa 14, 14 inakuwa 194 ambayo ukigawa kwa 31 inabaki 8, na 8 inakuwa 62 ambayo inabaki sifuri. Tasa. Kwa 2,047 hatua ni tisa na inaishia 1,736, si tasa, na ajabu yake ni kwamba kipimo kimekwambia ina vigawo bila kukwambia ni vipi. Kwa namba yako ni hatua 29 tu, simu yoyote inamaliza kabla hujapepesa macho. Kwa njia ya aina hii ya kurudia ndo Lucas mwaka 1876 alithibitisha 2^127 - 1, yenye tarakimu 39, kwa mkono.

Na kubwa kuliko zote tunayoijua sasa ninavyoandika ni 2^136,279,841 - 1, imepatikana Oktoba 2024 na Luke Durant wa Marekani, kupitia mradi wa GIMPS ambao tangu 1996 unakusanya kompyuta za watu wa kawaida waliojitolea. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiandika tarakimu mbili kila sekunde bila kulala unamaliza baada ya miezi karibu nane.

Watu huniuliza kama hizi ndo zinalinda pesa zetu kwenye simu. Ulinzi wa mtandaoni wa aina moja unatumia kweli tasa mbili kubwa zilizozidishwa pamoja, zenye tarakimu 300 hivi kila moja, lakini za siri, zilizookotwa bila mpangilio. Ya kwako kila mtu anaijua na ina tarakimu kumi tu, haiwezi kulinda kitu. Lakini isidharauliwe, ina kazi nyingine na hio kazi inategemea utasa wake kabisa.

Kompyuta ikitaka namba zinazoonekana za bahati nasibu, tuseme kuchagua wakulima kumi wa kukaguliwa bila upendeleo, kuna njia ya zamani: anza na 1, zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, chukua baki, rudia. Zinakuja 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, halafu 984,943,658, huoni mpangilio wowote. Ni ile ile safari ya timu tuliyofanya na 23, ila badala ya kurudufu tunazidisha kwa 16,807, na hapa timu ni moja tu, inapita kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja, ndo inarudi kwenye 1. Ingekuwa namba si tasa safari isingeweza kuwapitia wote, wangebaki watu benchi. Njia hii sasa zipo bora kuliko yenyewe, usiitumie kwa siri yoyote, ila kuchagua wakulima kumi inatosha.

Na kwa kuwa umeshakutana nayo, utakutana nayo tena. Mifumo mingi ya kompyuta inahesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na ile ya zamani yenye biti 32 itafika 2,147,483,647 siku ya Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za kwetu. Sekunde inayofuata mashine ambazo hazijarekebishwa zitadhani ni mwaka 1901. Kijana wenu akiwa anabadilisha ile jumla, mwambie aangalie na sehemu ya tarehe.

Sasa ya kujaribu mwenyewe. Chukua 2^29 - 1, ambayo ni 536,870,911. Ukienda kienyeji, 3, 5, 7, 11, 13, utagawa tasa 49 bila kupata kitu. Wewe tumia timu: safari ni ya hatua 29, kwa hio kigawo ukitoa moja lazima kigawanyike kwa 58. Andika 59, 117, 175, 233 na kuendelea. Zigawe kwa 8, zisizobakiza 1 au 7 zitupe, halafu tupa na zisizo tasa. Anza na ya kwanza itakayosalia, gawa kwa mkono, na ukifika mahali haiingii weka sifuri. Kuna vigawo tasa vitatu humo, niandikie ukivipata vyote.